Kitenge cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kabla ya chai. Mashine ya kupumulia iko sawa, betri imejaa. Mtungi mmoja wa oksijeni unakwisha, nimeagiza mwingine. Kisha kapno, kipimo cha hewa chafu inayotoka mapafuni, kama kila asubuhi: napuliza pumzi yangu kwenye kimrija chake chembamba, kilima cha kijani kinatokea kwenye kioo, nafuta kimrija kwa spiriti. Kinafanya kazi. Nikamwaga maji yaliyojaa kwenye kikombe chake. Msimu huu wa mvua kila kitu hapa kinatoa jasho, hata mashine.

Vitanda viwili, vyote vitupu. Nilipolisema hilo Sista Mwansa akanifokea. Ati nitaita wagonjwa. Yeye ni muuguzi mwenzangu wa chumba cha mahututi, Mbemba wa Kashikishi, ulimi kama pilipili. Mimi ni mtu wa ganzi na pumzi. Dokta ni mmoja kwa hospitali nzima. Hao ndio sisi.

Ziwa limefunguliwa baada ya miezi ya marufuku ya kuvua. Mji wote unanuka samaki na watu wanacheka ovyo.

Jumamosi nafunguliwa mlango. Nimesubiri tangu tulipooana na Beatrisi. Mama yake ndiye atapika, na ndugu zake watanilisha mbele ya watu, na baada ya hapo nitaweza kukaa naye meza moja, kumsalimia usoni, kuingia nyumbani kwake kama mtu. Mpaka leo namkwepa. Nikimwona barabarani naingia majanini. Jina lake silitaji, hata hapa silitaji. Sherehe iliahirishwa mara na mara: kwanza vita vya kwetu, upande wa pili wa ziwa, kisha kambi ya wakimbizi, kisha msiba, kisha mvua. Binti yetu Neema ameshaota meno yote na bado namkimbia bibi yake kama mwizi wa mihogo.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa kuwa siandiki mara nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amelala kwenye kimoja cha vile vitanda viwili.

Alikwenda mwenyewe Kashikishi kuchagua samaki wa Jumamosi. Hakutaka kumtuma mtu. Aliingiza mkono kwenye kikapu cha samaki waliotoka wavuni, na ndani alikuwemo nyoka wa maji, akamuuma. Alimtupa, akafuta mkono kwenye kitenge, akaendelea kubishania bei. Wauzaji walicheka. Walipofika lami na mdogo wake Feza, kope zake zilikuwa zimeanguka. Kisha ulimi ukawa mzito. Feza alimleta kwa teksi akiwa amemlaza mapajani, mate yanamtoka na hawezi kuyameza.

Dokta yuko Mansa kwenye mkutano. Dawa ya nyoka tuliyonayo haimjui nyoka huyu. Sumu yake inafunga misuli, mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa pumzi. Haimuui mtu, inamzima tu. Ukimpumulia mpaka sumu iishe, anaamka. Tiba ni hiyo na hakuna nyingine. Na wa kutia mpira kooni leo alikuwa mmoja tu.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa namwona miguu tu. Sista Mwansa akanisukuma mgongoni kwa viganja viwili.

Nilimfungua kinywa mama mkwe wangu. Nilishika taya lake. Niliingiza taa ya koo, nikaangalia mpaka ndani kabisa, mahali ambapo hata mumewe hakuwahi kuona. Nikapitisha mpira. Hapo ndipo hofu ya kweli inapoanza, maana mpira unaweza kuingia tumboni na kifua kikainuka vilevile ukadhani umefaulu. Nikaangalia kioo. Kilima. Kingine. Kingine. Hewa chafu inatoka, kwa hiyo ni mapafu.

Nikatoka nje nikanawa mikono kwenye tangi la maji.

Jumatano, 5 Machi

Beatrisi ananiuliza mama anaendeleaje na siwezi kumtazama. Ni kama nimefanya jambo la aibu na mama yake, na wote wawili tunajua kwamba bila jambo hilo tungekuwa tunazika.

Feza analala naye wodini kama ndugu wa mgonjwa wafanyavyo hapa. Mimi nikiingia tu, anavuta kitenge anamfunika dada yake uso mzima, na mpira pia. Leo amenisimamia mbele, mkono kiunoni:

"Haiko muzuri umuone vile, kinywa wazi. Weye ni buko yake."

Buko kwetu ni mkwe. Ana haki. Mkwe hamtazami mama mkwe hata akiwa anakula muhogo wa kuchoma, sembuse hivi.

Kwa hiyo tumepanga na Sista Mwansa. Mimi nakaa mbele ya kioo, mgongo kwa kitanda. Nasoma vilima na namba. Yeye ni mikono yangu. Nikisema nyonya makohozi, ananyonya. Nikisema sikiliza kifua, upande wa kushoto kwanza, anasikiliza ananiambia. Anafunua, anafanya, anafunika, kisha ananiambia kwa Kibemba, haya, bashi Neema, yaani baba Neema, geuka. Anaona inachekesha. Anasema hajawahi kuona daktari anayemtibu mtu kwa kisogo.

Inafanya kazi. Vilima vimesimama vizuri, vina mgongo bapa, vinafanana kama matofali ya mtu mmoja.

Lakini siipendi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo roho ilinitoka.

Nilikuwa napima dawa ya usingizi, vilima vikaanza kufupika. Kisha mstari. Mstari mtupu, kutoka mwisho mmoja wa kioo hadi mwingine. Tulifundishwa jambo hili mpaka likatuingia kwenye mifupa: kilima kikipotea, mpira umetoka mpaka uthibitishe haukutoka. Hata mtu ambaye moyo wake umesimama, ukimkandamiza kifua, kilima kidogo kitakuwepo. Mstari mtupu ni habari mbaya kuliko zote.

Nilipiga kelele. Sista Mwansa akafunua, akasikiliza. Kifua kinapanda pande zote mbili. Mpira uko palepale. Kumbe ni maji. Tone moja la jasho la mashine limeziba kimrija. Nikapuliza, nikabadilisha, vilima vikarudi.

Baada ya chakula cha mchana ikatokea tena. Maji tena. Sista Mwansa akanitania kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa hata aliyeumwa siye mimi. Nilicheka ili nisilie.

Jioni Feza alinifuata kwenye korido. Wajomba wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, wamepiga simu. Wanasema hospitali huweka maiti kwenye mashine ili ionekane inapumua, wamesikia hivyo. Wanataka avushwe ziwa akiwa bado "mgonjwa", maana wenye mitumbwi ya injini hawapendi kupakia maiti. Feza mwenyewe anaamini nusu.

"Mashini njo inapumua. Dada alisha kufwa, muko munatudanganya."

Nilimleta mpaka kwenye kioo. Nikamwambia: mashine inasukuma hewa ndani, kweli. Hata mfuko wa mahindi unaweza kuusukumia hewa. Lakini kilima hiki si cha mashine. Hiki ni moshi wa jiko la ndani ya mwili wake. Damu inaubeba, mapafu yanautoa, kimrija kinaunusa. Mfuko wa mahindi hauna moshi. Aliyekufa jiko limezimika.

Alikitazama kilima muda mrefu. Akasema atawaambia wajomba wasubiri. Tangu hapo anakikodolea macho kuliko mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Vilima vimeinama. Badala ya kupanda wima vinapanda kwa mteremko, mgongo hauna ubapa, kama pezi la samaki. Njia imebana. Makohozi. Sista Mwansa alinyonya, akatoa donge zito. Vilima vikanyooka.

Dokta amerudi. Ameridhika. Anasema tuendelee hivihivi.

Maji kwenye kimrija mara mbili tena. Nimechoka na maji.

Beatrisi amelala na kitambulisho cha mama yake mkononi. Sijui anakifanyia nini. Naogopa kumuuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndiyo ingekuwa sherehe.

Naandika polepole maana nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Ilikuwa mchana. Sista Mwansa aliitwa chumba cha upasuaji, mama mjamzito anavuja damu, Dokta alihitaji mikono. Sawa. Nilikuwa stoo hapo jirani natafuta plasta mpya, ile inayoshika mpira mdomoni imelowa jasho. Feza alikuwa na dada yake. Alisikia sauti yangu inakuja. Feni ilikuwa inapeperusha kitenge kila saa na uso ulikuwa unabaki wazi, kwa hiyo safari hii hakukitupa tu juu. Alimwinua kichwa, akakipitisha nyuma, akakifunga fundo. Kwa heshima. Yote aliyofanya aliyafanya kwa heshima.

Nilipoingia nilimkuta amefunikwa vizuri, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikageukia kioo.

Mstari.

Mashine ya kupumulia ilikuwa inalia. Lakini inalia hata mtu akikanyaga waya. Tumeizoea, na mazoea yana taabu. Klipu ya kidole, inayopima oksijeni ya damu, ilisema tisini na saba. Nikajiambia: maji. Nikamwaga kikombe. Mstari. Nikatikisa kimrija. Mstari. Nikaangalia soketi, maana wiki hii umeme umekuwa ukitusaliti. Nikachukua kimrija kipya, nikakifungua na meno, nikakiunganisha. Mstari. Klipu ikasema tisini na nne. Klipu huleta habari ikiwa imeshachelewa, najua hilo, nawafundisha wanafunzi hilo.

Wakati wote huo kitanda kilikuwa mgongoni kwangu. Ningegeuka tu. Hatua haikufika hata moja. Badala yake nilisimama nachezea mipira kama fundi redio, kwa sababu chini ya kitenge kile kulikuwa na uso ambao sitakiwi kuuona na Sista Mwansa hakuwepo kuniona kwa niaba yangu.

Kisha nikachomoa kimrija nikakitia mdomoni mwangu nikapuliza. Kilima kikatokea. Kizuri, kirefu. Changu.

Basi mashine haina kosa. Kimrija hakina kosa. Kosa liko kwake.

Nikageuka. Feza akasimama katikati, mikono imetanda. "Hapana, hapana, asubiri Sista." Nilimsukuma. Nimemsukuma mama mdogo wa mke wangu, mtu mzima, akaangukia kiti. Fundo lilikuwa gumu. Nikalikata kwa mkasi wa plasta.

Mpira ulikuwa umelala shavuni. Umevutwa na fundo, umetoka kooni kabisa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbichi. Kope zilikuwa nusu wazi kwa sumu na macho yalikuwa yananitazama, au hayakuwa yananitazama, sijui, macho hayo hayawezi kugeuka popote.

Nilimbana barakoa usoni kwa mikono yangu, nikamkamata taya, paji langu karibu na paji lake, nikamwambia Feza aminye mfuko wa hewa. Aliuminya huku analia kwa sauti. Minya. Achia. Minya. Namba zilishuka mpaka sitaki kuziandika, zikakaa huko, kisha zikaanza kupanda. Nikachukua taa ya koo. Mara ya pili wiki hii nikaangalia ndani ya mama mkwe wangu. Mpira ukaingia. Nikageuza shingo kutazama kioo na sikuthubutu kuvuta pumzi.

Kilima. Kifupi. Kingine. Kirefu zaidi.

Sista Mwansa alirudi na damu ya mtu mwingine kwenye aproni. Alitazama kitenge kilichokatwa sakafuni. Hakunitania.

Jumapili, 9 Machi

Mficha uchi hazai. Methali tunaisema tangu utoto na siku ilipohitajika haikunijia.

Sikwenda kanisani. Nilikaa mbele ya vilima. Ni vizuri. Havisemi ninachotaka kujua. Kilima kinaniambia jiko linawaka. Hakiniambii kama mwenye nyumba bado yumo.

Ubongo haupendi kungoja hewa. Je, alingoja kiasi gani? Sikutazama saa. Najaribu kuhesabu kwa vitu nilivyofanya: kikombe, soketi, kimrija kipya. Kila nikihesabu inakuwa ndefu zaidi.

Macho hayasemi kitu, sumu imeyafunga. Mikono pia. Angekuwa amepotea kabisa angelala hivihivi. Angekuwa mzima, anasikia kila neno, angelala hivihivi. Hakuna wa kuniambia tofauti mpaka sumu itoke.

Feza amekaa sakafuni karibu na mlango, hamfuniki tena. Amesema mara moja tu, bila kuniangalia: "Miye njo nilimufunga." Nilipaswa kumwambia kwamba yeye alifunga fundo na mimi ndiye niliyeliacha. Nilimletea chai.

Beatrisi nimemwambia mpira ulichomoka tukaurudisha. Ni kweli. Ni nusu ya kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Tumesimamisha dawa ya usingizi ili tuone. Hatujaona kitu.

Vilima vinafanana. Leo kufanana kwao kunanitisha.

Sista Mwansa alimwita kwa jina sikioni, alimfinya ukucha. Hakuna. Dokta anasema sumu ya nyoka huyu inaweza kuchelewa, tusikate tamaa. Alisema hivyo huku akiandika, hakuinua kichwa. Wajomba wamepiga tena simu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeona kitu. Sitaki kuandika kwa furaha.

Kwenye mgongo wa kilima kimoja palikuwa na kibonyeo. Kidogo, kama mtu amebonyeza unga kwa ncha ya kidole. Nikadhani ni maji, maana kila kitu hapa ni maji. Nikabadilisha kimrija. Vilima vitano bapa, kisha kibonyeo tena. Kisha viwili mfululizo.

Kibonyeo hicho nakijua kwenye chumba cha upasuaji, dawa ya kulegeza misuli inapoanza kuisha. Mashine inasubiri atoe pumzi, na yeye katikati anajaribu kuvuta yake. Kiwambo cha chini ya mbavu kimepiga kofi moja. Ni yeye. Mashine haiwezi kuchora hivyo.

Nilimwita Feza nikamwonyesha. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye kioo, nikamwacha ingawa haturuhusu.

Lakini pumzi inatoka shina la ubongo, chini kabisa. Hata aliyepotea huvuta pumzi. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Vibonyeo vingi sasa. Kope zimepanda kidogo. Sista Mwansa anasema kidole cha mkono wa kulia kimetikisika. Je, alimwambia akitikise? Hapana. Alipomwambia baadaye akitikise, hakikutikisika.

Kimetikisika bila kuambiwa. Kikiambiwa, kimekataa. Nimeligeuza neno hilo siku nzima na kila upande lina miiba.

Mvua kubwa. Kilwa yetu ya hapa ziwani haionekani, kisiwa chote kimemezwa. Nilisimama kwenye baraza nikafikiria kukimbia. Kuvuka kurudi Pweto, kulima mihogo, nisiguse koo la mtu tena. Kisha nikakumbuka kwamba huko Pweto ndiko waliko wajomba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Beatrisi. Uani, anatwanga, Neema mgongoni. Nilimwambia yote: kioo, kimrija, kikombe, soketi, kwamba nilisimama na mgongo wangu.

Hakuacha kutwanga mara moja. Kisha akaacha.

"Mama alikuwa anakufwa, na weye ulikuwa unasikia nsoni?"

Nilisema ndiyo. Nilikuwa naona haya.

Akanitazama. Sikuona hasira, nilidhani ningeiona. Akasema angekuwa yeye mahali pa Feza angefunga fundo vilevile. Kisha akaniambia niondoke, nimwache atwange. Nikaondoka.

Kesho Dokta anataka tujaribu kumwachia apumue bila mashine, mpira ukiwa ndani bado. Anapumua vya kutosha. Kama haamki, tutajua ni nini kilichobaki. Hakusema hivyo. Mimi ndiye nasema hivyo.

Naogopa kesho kuliko nilivyoogopa Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na kitu cha kufanya.

Ijumaa, 14 Machi

Tulimwachia asubuhi, baada ya usafi. Nilikaa mahali pangu, mgongo kwa kitanda, Sista Mwansa upande wake. Vilima vilivyotokea havikufanana. Kimoja kirefu, kimoja kifupi, kingine kimechelewa, vya mtu, si vya mashine. Oksijeni ilikaa vizuri. Anapumua. Hilo nililitarajia.

Macho wazi, akasema Sista Mwansa. Anatazama dari. Akamwita. Akamwambia afinye mkono. Hakufinya. Nikasikia Sista Mwansa anavuta pumzi na kuishikilia, na mimi nikatazama kilima kwa nguvu zote kana kwamba kingenijibu.

Ilibidi nibadilishe kikombe cha maji. Tangu tusogeze mashine asubuhi, kiko upande wa kitandani. Tangu Jumamosi nimeapa kwamba sitamwacha mtu kwa sababu ya mgongo wangu, kwa hiyo niligeuka nikaenda, uso wazi, nikimtazama kama ninavyomtazama mgonjwa yeyote. Kitenge kipya alichomletea Beatrisi kilikuwa kifuani kwake. Macho yake yakashuka kutoka darini. Polepole sana. Yakafika kwangu. Yakasimama.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutembea. Ulitembea juu ya shuka kwa vidole, ukapumzika, ukaendelea. Sista Mwansa alitaka kuukamata, wagonjwa huchomoa mpira hivyo. Nikamwambia amwache. Mkono ulifika kwenye pindo la kitenge. Ukalishika. Ukalivuta juu, shingoni, kidevuni, ukafika kwenye mpira, ukausikia, ukaupita kando bila kuugusa, ukalileta pindo mpaka juu ya pua na macho. Ukabaki hapo unashikilia.

Alikuwa amejifunika. Mkwe wake ameingia na yeye amejifunika.

Anajua mimi ni nani. Anajua yeye ni nani kwangu. Yote yamo.

Feza alianza kupiga vigelegele, akajiziba mdomo. Sista Mwansa alikuwa ananitazama na machozi yanamtoka, anasema haya, bashi Neema, geuka, geuka, huna haya wewe. Nikageuka. Niliinama mbele ya kioo nikahesabu vilima.

Beatrisi alikuwa amekaa kwenye saruji nje ya mlango. Nilimwambia, amejifunika. Hakuuliza ninamaanisha nini.

Alasiri tulitoa mpira. Sista Mwansa aliutoa, mimi nikiwa ukutani namwelekeza. Sauti ya mama mkwe ni ya kukwaruza na maneno ni machache. Alimwambia Feza jambo, na Feza akanifikishia kwenye korido, akiwa na adabu zote: samaki wale wa kikapu, je, walioza?

Nimesema ndiyo, waliharibika. Amejibiwa. Anasema basi watanunuliwa wengine, na safari hii Feza ndiye ataingiza mkono.

Kikombe cha kapno kilikuwa na maji tena. Nikakimwaga.